Wajumbe Sita Juu ya Mapaa ya Kiembeni

Kuna njia moja ya kusoma Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert, ambayo karibu kila mtu aliyepita darasa la fasihi anaijua. Kitabu kilitoka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza. Mwandishi hangeweza kusema waziwazi aliyotaka kuyasema, kwa hivyo akabuni nchi inayoelea angani, akaweka humo mfalme, mawaziri na wafungwa. Kazi yetu wasomaji ikawa kushusha kila kitu ardhini: mfalme ni dola ya kikoloni, gereza ni gereza, anga ni pazia tu. Mwalimu anauliza fumbo ni nini, mwanafunzi anajibu, maksi mbili, tunafungua ukurasa mwingine.

Jibu hilo silipingi. Ugomvi wangu ni na hilo pazia. Tumezoea sana kusema "angani" ni njia ya kukwepa wakaguzi, hadi hakuna anayeuliza kwa nini mwandishi alichagua anga na hakuchagua kisiwa, au msitu, au nchi ya wanyama kama wengine. Mimi nasoma kitabu hiki nikiwa Kiembeni, katika miaka hii ambapo mataifa makubwa yanapimana nguvu juu ya vichwa vyetu, na nasema hivi: jaribu kukisoma anga likiwa anga. Utapata kitabu kuhusu usalama wa taifa, na kinatuhusu kuliko tulivyofundishwa.

Kwa ambaye hajakisoma, au alikisoma kwa ajili ya mtihani kisha akakisahau, habari yenyewe ni hii. Karama ameshtakiwa kwa kuwafundisha watu elimu ya sheria. Anayemshtaki ni Waziri Majivuno, na jina lake si la bahati mbaya. Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe sita ambao nchi iliwatuma kutafuta maarifa kila upande: kwenye pepo nne, juu mbinguni na chini ardhini. Wote walirudi na taarifa za mambo mema waliyoyaona kwa wenzao. Wote walitupwa gerezani kwa sababu ya taarifa hizohizo.

Sasa tazama mipaka ya nchi yenyewe. Haipakani na mto wala mlima. Inapakana na pepo: Kaskazi, Kusi, Matlai na Umande. Mtu wa pwani anayajua majina haya kutoka kwa mabaharia, na anajua upepo hauwekwi ua. Nchi ambayo mpaka wake ni upepo itajilindaje? Haiwezi kujenga ukuta. Inachoweza kufanya ni kujua mapema kinachokuja, kutoka upande gani, kimetumwa na nani. Kwa hivyo wajumbe sita, kwangu mimi, ni macho ya nchi. Serikali ya Kusadikika iliyang'oa macho yake yenyewe, jicho moja baada ya jingine, kisha ikaita hiyo kazi ulinzi.

Hapa ndipo kitabu cha 1951 kinapokutana na sisi. Mpaka wa Kenya kwenda juu unaishia wapi? Ndege ikiingia bila ruhusa, sheria iko wazi. Lakini panda zaidi. Wengi hutaja kilomita 100 kama mahali anga la nchi linapokwisha na anga la wote linapoanza, ila hakuna mkataba wa dunia nzima uliokubali kipimo hicho. Tangu Sputnik ya Wasovieti ilipozunguka dunia Oktoba 1957 bila kubisha hodi kwa mtu, imekuwa desturi: setilaiti hupita juu ya nchi yoyote, wala haiombi ruhusa. Kwa maana hiyo sote tunaishi Kusadikika. Mipaka yetu ya juu ni upepo.

Na huko juu kumekuwa na vituko. Januari 2007 China ilirusha kombora likavunja setilaiti yake kuukuu ya hali ya hewa. Februari 2008 Marekani ikaipiga ya kwake. Machi 2019 ikawa zamu ya India. Novemba 2021 Urusi ikavunja ya kwake, na vipande zaidi ya 1,500 vinavyoweza kufuatiliwa vikasambaa. Watu 7 waliokuwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga, wawili kati yao Warusi, wakaambiwa waingie kwenye vyombo vyao vya kurudia nyumbani, tayari kukimbia. Angalia, kila mmoja alipiga setilaiti yake mwenyewe. Ni kama jirani anayevunja sahani zake uani, kwa kelele, ili wewe uliye ng'ambo ya ua usikie anavyojua kuvunja.

Mkataba upo, wa 1967. Unakataza kuweka silaha za nyuklia na nyingine za maangamizi makubwa katika mzunguko wa dunia. Silaha za kawaida haukuzitaja, na kombora linalorushwa kutoka ardhini kwenda kupiga setilaiti linapita katika pengo hilo bila shida.

Msomaji wa Kiembeni ana haki ya kuuliza: sasa hayo yananihusu nini, mimi ninayesubiri matatu ya kwenda mjini? Haya. Ukimwambia mtu wa boda "nakutumia lokesheni", unategemea setilaiti za GPS, na zinazoziendesha ni Kikosi cha Anga za Juu cha jeshi la Marekani, tawi lililoundwa Desemba 2019. Ni setilaiti za jeshi tunazoazimwa bure. Meli zinazoingia bandari ya Mombasa zinazitegemea pia. Mei 2025 meli ya makontena MSC Antonia ilikwama karibu na Jeddah, katika Bahari ya Shamu, na wachambuzi wa usafiri wa bahari walihusisha ajali hiyo na kuvurugwa kwa ishara za GPS. Mizigo mingi ya Ulaya inayoshushwa Kilindini hupitia bahari hiyohiyo njia inapokuwa salama. Kumbuka pia asubuhi ya tarehe 24 Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine. Mtandao wa setilaiti wa kampuni ya Viasat ulishambuliwa kwa njia ya kompyuta, na mitambo 5,800 ya kufua umeme kwa upepo huko Ujerumani, nchi ambayo haikuwa vitani, ikakatika mawasiliano na waliokuwa wakiiangalia kutoka mbali. Ukisikia vita vya anga usifikirie filamu, watu wenye panga za mwanga. Fikiria simu inayokuonyesha uko Shanzu ilhali umesimama Bamburi.

Wakati mwingine anga linashuka lenyewe. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa karibu mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Hakuna aliyeumia. Watu wa Mukuku hawakuwa wameomba chochote kutoka juu, na hakuna aliyewaambia kinakuja.

Rafiki zangu wanaosoma riwaya za Kiingereza wananiambia niache vitabu vya shule, kuna kitabu kipya cha anga kila mtu anakisifu. Wanamaanisha Orbital ya Samantha Harvey, iliyopata tuzo ya Booker 2024. Nimekisoma. Ni kizuri, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Kwa siku moja watu sita wanaizunguka dunia mara 16: Warusi wawili, Mmarekani, Mwingereza, Mjapani na Mwitaliano. Harvey anaandika nuru ya asubuhi ikipanda juu ya bahari kwa namna ambayo utataka kuisoma kwa sauti. Hawasahau walio chini pia. Kimbunga kinachoelekea Ufilipino kinawasumbua wote.

Lakini weka sita hao kando ya sita wa Shaaban Robert. Wa Harvey wanatazama chini na hawaoni mipaka. Siasa inapopanda hadi kwao inakuja kama mzaha wa choo: kila mtu atumie choo cha nchi yake, na wenyewe wanacheka. Ni mzaha mzuri, ila mwandishi anautumia kufunga mlango. Akishatuchekesha, hahitaji tena kutuambia kwamba dirisha linaloonyesha uzuri wa mawingu ni lilelile linaloonyesha ghala la silaha, na kwamba kila picha inayopigwa kutoka juu ina mtu anayeisubiri mezani. Kwake, kuona ni kupenda. Kwa Shaaban Robert, kuona ni kazi ya serikali, na anayeona anaweza kufungwa. Kati ya hao wawili, aliyeandika kabla hakujarushwa hata setilaiti moja ndiye aliyeielewa biashara ya anga vizuri zaidi. Nadhani ni kwa sababu aliishi upande unaotazamwa.

Mwitaliano wa Harvey ananirudisha nyumbani. Ukitoka Kiembeni ukashika barabara ya Malindi, ukapita Mtwapa, Kilifi, Malindi yenyewe, halafu mashamba ya chumvi ya Gongoni, unafika Ngomeni. Baharini hapo kuna majukwaa ya chuma yaliyosimamishwa na Waitaliano miaka ya 60, chini ya Luigi Broglio, wakishirikiana na Wamarekani wa NASA. Wakauita mradi San Marco. Sababu ya kuchagua kwetu ni hesabu tu: karibu na ikweta dunia huzunguka kasi zaidi, zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huchukua msukumo huo bure. Mashariki kuna bahari tupu, vipande vikianguka havimpati mtu. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilipanda kutoka hapo. Yaani kabla ya nchi nyingi za dunia kuona roketi kwenye televisheni, wavuvi wa Ngomeni walikuwa wakiziona kwa macho.

Iliyo maarufu kuliko zote ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, na ikapewa jina hilo: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei angani. Ikaorodhesha vyanzo 339, ikasaidia wataalamu kushuku kwamba kitu kimoja huko, Cygnus X-1, ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobel ya fizikia 2002. Ni kazi ya elimu safi, hakuna wa kuilaumu. Hata hivyo, roketi iliyoibeba iliitwa Scout, na ni aina hiyohiyo ya roketi ambayo jeshi la majini la Marekani lilitumia kupandisha setilaiti za Transit, zilizowaongoza nyambizi wabebao makombora ya nyuklia. Gari ni moja, abiria ndio tofauti. Na nchi mwenyeji haikuwa dereva wala utingo.

Huyu Uhuru, basi, ni mjumbe wa saba ambaye Shaaban Robert hakumwandika. Alitoka kwetu, akapewa jina letu, akaenda mbali, akaona makubwa. Taarifa yake akampelekea mtu mwingine. Hatukumfunga gerezani kama Kusadikika ilivyofanya, kwa sababu hakuwa wetu wa kumfunga. Baadaye hata China ilikuwa na kituo Malindi cha kufuatilia vyombo vyake vya Shenzhou vilivyobeba watu. Ufuo mmoja, macho ya wageni wengi.

Kuna andiko jingine ambalo ningependa lisomwe darasani kando ya Kusadikika, na si la kubuni. Desemba 1976 nchi kadhaa za ikweta zilikutana Bogotá, Colombia, zikatoa tamko. Kenya ilikuwemo, pamoja na Uganda na Zaire. Walidai kwamba ule mzunguko ulio kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambamo setilaiti huonekana kama imesimama mahali pamoja, ni mali asili ya nchi zilizo chini yake. Ukitaka kuweka setilaiti yako juu ya Kenya, uje uombe.

Wanasheria wa nchi kubwa walilipuuza, na hadi leo hutajwa kama kioja. Mimi nalisoma kama fasihi. Miaka 25 baada ya Kusadikika, serikali halisi zilikaa mezani zikaandika ramani ya nchi iliyo angani, zikaiwekea mipaka, zikaisadiki. Hoja yao ya sheria ilikuwa dhaifu, kwa sababu mkataba wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kulimiliki anga. Ila hofu yao ilikuwa na mashiko: waliona kwamba nafasi zile ni chache, kwamba wenye roketi watazijaza kwanza, na kwamba anayechelewa ataishi kwa macho ya kuazima. Kilichokosekana katika tamko ni wajumbe. Lilidai ardhi ya juu bila kusema nani atapanda kuikagua na nani atasomewa taarifa. Majivuno angelipenda tamko kama hilo, maana lina mamlaka tele na halina elimu.

Leo tuna wajumbe wetu. Mei 2018 kisetilaiti cha kwanza cha Kenya, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10 hivi, kiliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, ya kupiga picha za mashamba, misitu na mafuriko. Ilipanda kwa roketi ya SpaceX kutoka Vandenberg, California. Soma jina kamili la mahali hapo: ni kambi ya Kikosi cha Anga za Juu cha Marekani. Sisi tulio na jukwaa la kurushia roketi mlangoni, lililonyamaza tangu 1988, tulipeleka mjumbe wetu akapande gari kwenye kambi ya jeshi la mtu mwingine.

Na Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa 2017, liko chini ya Wizara ya Ulinzi. Hilo si kosa. Nchi nyingi zilianza hivyo. Pia sitaki tujifanye kwamba Kenya haina maadui au kwamba mpaka wa Lamu unalindwa kwa mashairi. Lakini ndipo Kusadikika kinapoacha kuwa kitabu cha zamani. Picha ya setilaiti inayoonyesha magaidi msituni inaweza pia kuonyesha mikoko ikikatwa Tudor, au nyumba zilizojengwa kwenye njia ya maji Kisauni kabla ya mvua za masika. Nani ataamua ipi ni siri na ipi ni ya wananchi? Kipengele cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya 2016 inayotekeleza kipengele hicho inaruhusu kuzuia habari kwa ajili ya usalama wa taifa. Mlango na kufuli, kwenye nyumba moja.

Karama alishtakiwa kwa kufundisha sheria, na sasa naona kwa nini Majivuno alimwogopa. Mwenye kujua sheria anaweza kuuliza kufuli limewekwa na nani. Anaweza pia kukuonyesha kipengele cha 238, ambapo Katiba yetu inaeleza usalama wa taifa ni kitu gani: kulinda mipaka na mamlaka ya nchi, ndiyo, lakini pia watu wake, haki zao, uhuru wao, mali yao na amani yao. Kwa maana hiyo, kumnyima mtu wa Kisauni ramani ya mafuriko kwa jina la usalama ni kuupunguza usalama. Hii ndiyo hoja ya Karama, nimeibadilisha mahali tu.

Kitabu chenyewe kina kasoro, na mapenzi hayanizuii kuziona. Hotuba ni ndefu. Wanawake karibu hawapo, utadhani nchi ya angani haizai. Wajumbe wote ni wema mno. Hakuna hata mmoja aliyerudi na uongo, au aliyenunuliwa huko alikokwenda, na tunajua mjumbe hununulika, na setilaiti vilevile hudanganywa. Kasoro kubwa zaidi ni mwisho. Haki inapatikana kwa sababu mfalme analainika, Karama anaachiliwa, na wajumbe wanatolewa gerezani. Ni mwisho wa rehema. Nchi iliyokuwa imewafunga watu sita inapona kwa moyo wa mtu mmoja, na hakuna kilichobadilishwa kitakachomzuia mfalme ajaye kumfunga wa saba. Mwandishi aliyempa Karama somo la sheria alipaswa kuiacha sheria ishinde kesi.

Ndiyo maana sipendi tunapokisoma kama fumbo la ukoloni lililokwisha 1961, Tanganyika ilipojitawala. Tukifanya hivyo tunauchukua pia ule mwisho, tunakaa tukisubiri mkubwa alainike. Mataifa makubwa hayatalainika. Yataendelea kuvunja sahani zao juu yetu, na Kenya haina kombora la kuwazuia wala sioni haja yake. Silaha tuliyo nayo ni ile aliyokuwa nayo Karama: kujua, kuuliza, na kudai taarifa za wajumbe zisomwe hadharani. Mwalimu wa fasihi akiniuliza swali la mtihani, ningependa liwe hili: Taifa-1 ilipopita juu ya Kiembeni iliona nini, ilimwambia nani? Maksi ishirini.